Mama Mkwe na Wiski ya Mwavuli

Siku mama mkwe alipofika, Fundi alimpokea begi mlangoni kwa mikono miwili, kama inavyompasa mkwe mwenye adabu zake, na ndani ya begi kitu kikalia: kling'!

Fundi akaganda. Mama mkwe naye, aliyekuwa akipapasa ukuta kutafuta fremu ya mlango, akaganda.

"Taratibu, mwanangu," akasema. "Humo mna dawa."

"Dawa ya jicho, mama?"

"Ya mwili mzima."

Fundi hakuthubutu kuuliza zaidi. Alilipeleka lile begi chumba cha wageni kama mtu aliyebebeshwa mayai, akaliweka chini, akatoka kinyumenyume.

Si kwamba Fundi alikuwa mtu wa kuogopa watu. Alikuwa seremala mwenye kifua kipana na viganja kama koleo, na karakana yake ilijulikana mtaa mzima kwa makabati yasiyolegea bawaba na kwa kicheko cha mwenyewe, kilichosikika hata msumeno wa umeme ukinguruma. Lakini mbele ya mama mkwe alikuwa akikauka kama ubao ulioachwa juani. Chanzo ni siku ya posa. Siku hiyo, zamani hizo, alijitambulisha kwa wazee kuwa yeye ni fundi wa viti, akakaa, na kiti kikavunjika chini yake. Hakikuwa kiti alichokitengeneza yeye, lakini nani atamsikiliza mtu aliyelala chali sebuleni kwa watu? Mama mkwe, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu, alimtazama pale sakafuni akauliza, "Huyu ndiye fundi?" Basi. Posa ilikubaliwa, harusi ikafungwa, watoto wakazaliwa, wakakua, wakaenda kujitegemea, ila kati ya Fundi na mama mkwe wake hayakuwahi kupita maneno zaidi ya shikamoo, marahaba na habari za safari.

Sasa alikuwa amekuja kutolewa mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu. Daktari alisema ataanza na la kulia, lipone, ndipo aliguse la kushoto. Kwa hiyo mama angekaa, na angekaa sana.

"Usijali, mume wangu," mke wake alimwambia. Mke alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwenye duka dogo jirani na soko. "Mama hali watu."

"Sijasema anakula watu."

"Uso wako umesema."

Ukweli ni kwamba uso wa Fundi ulikuwa na sababu nyingine ya kusawijika, na hiyo hakuwa amemwambia mtu. Mwaka uliopita alishikwa na mafua makali yaliyomlaza kitandani kama gogo. Homa ikaisha, kikohozi kikaisha, lakini pua haikurudi. Ilikuwa inapumua vizuri tu. Harufu ndiyo ilikuwa imekwenda na haikuaga. Chakula kikawa kama kutafuna gazeti: chumvi aliisikia, sukari aliisikia, pilipili ilimchoma, lakini ladha yenyewe, ule utamu unaoingilia puani, haukuwepo. Alisubiri wiki, alisubiri mwezi, kisha akaanza kuona haya. Seremala asiyesikia gundi ikiungua! Wateja wangesemaje? Akakata shauri kunyamaza.

Mke wake alikuwa mpishi mzuri na alipenda kusifiwa. Akimuuliza, "Leo vipi?" Fundi alijibu, "Tamu sana." Akimuuliza kesho yake, "Tamu sana." Jibu lile lile, kwa sauti ile ile. Siku moja maharage yaliungua jikoni na Fundi amekaa hapo hapo mezani anasoma gazeti. Mke alikimbia kutoka uani akakuta moshi umemzunguka mumewe kama mtu aliye mawinguni.

"Ulikuwa umekaa hapa! Hapa hapa!"

"Nilikuwa nawaza," Fundi akasema.

Mke alimwangalia, akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, akalimeza. Tangu siku hiyo hakuuliza tena kama chakula ni kitamu. Na hilo ndilo lililomuuma Fundi kuliko hata pua.

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji, likafungwa bandeji. Jumamosi iliyofuata Fundi alifunga karakana mchana, akarudi nyumbani akijua mke yuko dukani. Alinuia kupita kimyakimya hadi bafuni. Hakufika.

"Mwanangu," ikaita sauti kutoka barazani. Ilikuwa ile sauti iliyonyamazisha madarasa bila kupandishwa. "Njoo ukae."

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mkono, bandeji jicho moja, miwani myeusi juu yake. Mbele yake, juu ya stuli, kulikuwa na glasi mbili ndogo, birika la maji, na chupa ya wiski.

Fundi aliitazama ile chupa, akamtazama mama mkwe, akaitazama tena chupa. Aliijua. Nani asiyeijua? Ni ile ya lebo yenye mwavuli mwekundu, inayopangwa kwenye rafu ya dukani karibu na mafuta ya kupikia, ambayo watu huinunua pamoja na sabuni na mkate bila kufikiria mara mbili. Haina kasha, haina historia, haina mtu maarufu anayeitangaza.

"Kaa," mama mkwe akasema. "Hicho kiti umekitengeneza mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kaa bila wasiwasi."

Fundi alikaa. Ilimchukua muda kutambua kwamba mama mkwe wake alikuwa ametania.

"Sikiliza," akasema yeye. "Mimi na marehemu mzee wangu, kila Jumamosi alasiri tulikuwa tunakunywa glasi moja moja ya hii. Moja tu, ya pili tulisema ni ya wajinga. Na hatukuwa tunainywa hivi hivi. Tulikuwa tunainusa kwanza, kila mtu anasema anasikia nini. Kusema uongo marufuku, na kumcheka mwenzio ruksa. Tangu aondoke nainusa peke yangu, na kunusa peke yako ni kama kucheza bao peke yako. Sasa na macho nayo yamenisaliti, hata rangi siioni. Nataka uniambie rangi."

Fundi akainua glasi kwenye mwanga. Kuhusu rangi hakuwa na shida. Rangi ilikuwa kazi yake.

"Ni kama mbao ya mwerezi, mama," akasema polepole, "ikishapakwa vanishi mara moja tu. Mara ya pili inakuwa nyekundu. Hii ni ya mara moja."

Mama mkwe akatabasamu, na Fundi akaona meno yake kwa mara ya kwanza tangu siku ya posa. "Safi. Sasa nusa. Unasikia nini?"

Alitia pua ndani ya glasi, akavuta pumzi. Patupu. Ni kama kuchungulia chumba kilichohamwa.

"Inanukia vizuri," akasema.

"Vizuri si harufu. Vizuri ni salamu. Nimekuuliza unasikia nini."

"Nasikia... ukali. Ukali wa pombe."

"Mm," mama mkwe akasema. Akanusa ya kwake, taratibu, kichwa kimeinama kama anayesikiliza mlangoni. "Mimi nasikia asali. Si ile asali ya mzinga. Asali ya dukani. Halafu ganda la chungwa. Halafu kama mtu amechoma sukari, akaiwahi kabla haijaungua. Na nyuma kabisa kuna moshi kidogo, wa jirani, si wetu. Mbele ina ukali, ndiyo. Hii haijui kubisha hodi, inaingia tu. Lakini ukiiacha ikae kidogo kwenye glasi, na ukiitia tone la maji, inatulia inaanza kuongea."

Fundi alisikiliza mdomo wazi. Yote hayo yalikuwa ndani ya kile kiglasi, na yeye alikuwa nje ya mlango. Alikunywa. Ilimchoma ulimi, ikampasha kifua moto, basi.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, mama mkwe alimwita tena. "Jana tulifanya haraka," akasema. "Leo nusa tu, usinywe." Akamwekea mkononi glasi aliyokwisha kuimimina.

Fundi alinusa kwa heshima zote. Safari hii alikuwa amejiandaa, maana usiku kucha alikuwa ameyakariri maneno ya mama mkwe. "Nasikia asali, mama. Na ganda la chungwa. Na ule ukali wa pombe mbele, lakini leo umetulia kidogo."

Mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika. Kisha akacheka, akacheka mpaka ikabidi ashike bandeji isimdondoke.

"Mwanangu," akasema akipata pumzi, "hiyo ni chai."

Fundi akaitazama glasi. Akaonja. Chai ya rangi, ya tangu asubuhi, baridi, haina hata sukari. Alitamani sakafu ya baraza ipasuke immeze, na kwa kuwa alikuwa ameijenga yeye mwenyewe alijua haitapasuka.

"Nilijua jana," mama mkwe akasema, na sauti yake sasa ilikuwa laini. "Jana asubuhi kulikuwa na panya amekufa nyuma ya jiko. Mimi nisiyeona nilimsikia nikiwa kitandani. Wewe ulikaa pale ukanywa chai yako kwa raha zako. Tangu lini?"

Kati ya watu wote ulimwenguni, huyu ndiye wa mwisho ambaye Fundi angemchagua kumwambia. Lakini alikuwa ameshaaibika kiasi ambacho aibu nyingine haikuwa na pa kukaa. Alimweleza yote: mafua, gazeti la kutafuna, maharage, jinsi anavyoogopa gundi, jinsi anavyotoa mbao mpya msumenoni na kuziinamia kwa mazoea, na kukuta hazina kitu. Aliposema hilo la mbao alijidai kukohoa.

"Mkeo anajua?"

"Hapana, mama."

"Amedhani nini mwaka mzima?"

Fundi hakuwa amewahi kujiuliza swali hilo kwa namna hiyo. Kadiri alivyolifikiria ndivyo alivyozidi kuona kosa lake.

"Haya," mama mkwe akasema. "Tufanye hivi. Mimi sioni, wewe hunusi. Niazime macho, nikuazime pua. Nilisikia kwa daktari mmoja kwamba pua inaweza kufundishwa upya, kama mguu uliovunjika unavyofundishwa kutembea. Kila siku unanusa vitu vile vile, taratibu, huku unavikumbuka. Mimi nimefundisha watoto ugawanyaji wa sehemu, siwezi kushindwa na pua. Lakini kwanza nenda kamwambie mke wako. Leo."

Fundi alimwambia mkewe jioni hiyo jikoni, akiwa amesimama kama mtuhumiwa. Mke alikuwa anakata vitunguu. Aliweka kisu chini.

"Husikii harufu."

"Sisikii."

"Mwaka mzima."

"Ndiyo."

"Mimi nikajua umenichoka," mke akasema. "Nimebadilisha viungo. Nimenunua marashi. Marashi! Nimejipulizia marashi miezi mitatu, nikawa napita karibu yako kama gari la matangazo, na wewe unasoma gazeti!"

Alikuwa analia, lakini kwa vile kulikuwa na vitunguu Fundi hakujua alie naye au acheke. Mke ndiye aliyeamua. Alimpiga kwa kitambaa cha jikoni, mara moja, ya pili, halafu akamwegemea kifuani, na wote wawili wakaanza kucheka kile kicheko kisicho na breki. Mama mkwe, kule chumbani, alisikia akageukia ukutani akalala usingizi wake.

Masomo yakaanza. Kila asubuhi kabla ya kwenda karakana, na kila alasiri akirudi, Fundi alikaa barazani, na mama mkwe akamsogezea vikombe: karafuu, ganda la limau, kahawa ya unga, na mwisho kabisa kifuniko kimoja cha wiski ya Mwavuli. Hicho hakikunywewa, kilikuwa cha kunusa tu, isipokuwa Jumamosi.

"Usivute kwa nguvu, si ugoro," mwalimu alimwonya. "Vuta kidogo kidogo. Na ukumbuke. Limau, kumbuka ulivyokuwa mdogo ukalilamba ukakunja uso. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, mama."

"Sasa nusa hapo kwenye kumbukumbu."

Hakikutokea kitu. Wiki zikapita, hakikutokea kitu. Lakini jambo jingine lilikuwa likitokea bila wao kulitafuta. Mkwe na mama mkwe wake walikuwa wanaongea. Mama mkwe alimweleza jinsi wiski inavyolazwa kwenye mapipa ya mwaloni yaliyounguzwa ndani, na Fundi, aliyekuwa hajui hata kidogo kwamba kinywaji kinaweza kutiwa ladha na mbao, aliinuka kabisa kitini.

"Yaani hiyo rangi ni ya mbao?"

"Ya mbao. Ikitoka kwenye mtambo ni nyeupe kama maji."

"Na huo moto ndani ya pipa ndiyo hiyo sukari iliyochomwa?"

"Nadhani ndiyo."

"Basi hiki ni kinywaji cha maseremala!" Fundi akasema, na akacheka kile kicheko chake cha karakana, mpaka mke akatoka jikoni kuangalia kumetokea nini, maana ilikuwa siku nyingi hajakisikia.

Jicho la kulia likafunguliwa. Kitu cha kwanza mama mkwe alichokitaka ni glasi na mwanga wa dirisha. Aliitazama wiski yake muda mrefu, machozi yakimchuruzika kwa raha na kwa dawa ya matone. Kisha akamgeukia Fundi, akamwona vizuri.

"Umenenepa," akasema. "Lakini rangi ulisema kweli."

Jicho la kushoto nalo likafanyiwa, na ndipo kaka wa mke, mtoto mkubwa wa mama mkwe, akaja kumpa mama yake pole. Huyu alikuwa muuza vipuri vya magari, wakimwita Bosi, na jina hilo hakulikataa. Alikuja Jumamosi alasiri, amebeba kasha lenye kitambaa laini ndani, na wiski imelala humo kama bwana harusi.

"Mama, nimesikia unaburudika na ile ya mwavuli," akasema. "Sasa ndiyo maana nimekuletea kinywaji. Hii imekaa kwenye pipa tangu shemeji hapa hajaota ndevu."

"Karibu, mwanangu. Ilete tuijue," mama akasema.

Mke wa Fundi alitoa glasi. Mama mkwe akamwambia Bosi afumbe macho, akammiminia zote mbili, ile ya kasha na ile ya Mwavuli, amtajie ipi ni ipi. Bosi alinusa ya kwanza, akanusa ya pili, na hakusita.

"Ya kwanza ndiyo yangu."

"Umepata," mama akasema. Akaionja naye, akafumba macho yake, akakaa nayo mdomoni. "Na ni nzuri kuliko yangu. Nzuri sana. Zabibu kavu, ngozi ya kiatu kipya, na haina haraka. Sitasema uongo, hiki ni kitu cha heshima."

Bosi akavimba kwa furaha. "Basi ile ya mwavuli nikaitupe?"

"Thubutu! Hii yako ni mgeni wa heshima. Akija tunatandika kitambaa cha meza, tunakaa wima, tunachagua maneno. Mwavuli ni mtu wa nyumbani. Anaingia na ndala, ananikuta nimejifunga taulo kichwani, na mazungumzo yanaendelea pale yalipoishia juzi. Nyumba inawahitaji wote wawili, ila ukiniuliza nani aje kila Jumamosi, sitaki mtu wa kunikalisha wima kila Jumamosi. Shika, shemeji yako naye anuse."

Fundi alipewa ile ya kasha kwanza. Alivuta kidogo kidogo, kama alivyofundishwa. Patupu. Akatikisa kichwa, akajitahidi kutabasamu. Mke akamshika bega. Fundi, kwa mazoea tu, kwa kuwa mkono ulishaijua njia, alichukua ile ya Mwavuli, akaitia tone la maji, akaizungusha, akainamisha pua.

Akaacha kupumua.

"Vipi?" mke akauliza.

Fundi aliinua mkono kumnyamazisha. Alinusa tena. Kilikuwa kitu kidogo mno, chembamba kama mwanga unaopita chini ya mlango, lakini kilikuwepo.

"Mbao," akasema.

"Mbao?" Bosi akasema.

"Mbao! Mbao iliyolowa! Kama... ngoja." Akanusa tena, macho yamemtoka. "Kama ubao wa mwaloni umenyeshewa mvua halafu jua likautokea. Mama! Mama, kuna mbao humu ndani!"

"Si nilikwambia," mama mkwe akasema, lakini sauti ya mwalimu ilikuwa imemponyoka.

Fundi akainuka, stuli ikaanguka, akaenda jikoni na glasi mkononi. Akafungua mkebe wa karafuu, akatia pua yote, akapiga kelele. Akanusa sabuni. Akanusa kitunguu. Akanusa ndani ya kabati la vyombo, akanusa pazia, akanusa kiatu cha Bosi kilichokuwa mlangoni, akarudi nyuma mbio.

"Hiki kinanuka!" akatangaza kwa furaha isiyo kifani. "Shemeji, kiatu chako kinanuka vibaya kabisa! Mungu akubariki!"

Bosi alibaki hajui akasirike au ashukuru. Mama yake alikuwa amejishika mbavu. Na Fundi akamkuta mkewe amesimama katikati ya sebule, akamkumbatia, akazamisha pua kwenye nywele zake, akakaa hapo.

"Mafuta ya nazi," akasema taratibu. "Chaki ya kushonea. Na pasi ya moto."

"Na marashi?" mke akauliza.

"Marashi hayapo."

"Niliyaacha," mke akasema, akimkumbatia kwa nguvu. "Yalikuwa yananiumiza kichwa."

Isidhaniwe kwamba yote yalirudi siku ile. Harufu zilirudi kama wageni wa sherehe, mmoja mmoja, wengine wamechelewa na wengine wamekosea nyumba. Kahawa kwa mwezi mzima ilimnukia Fundi kama tairi linaloungua, akawa anainywa huku amebana pua. Samaki alinukia kama daftari jipya, ambayo si mbaya. Kitunguu kilichokaangwa kilifika siku ya Jumanne asubuhi, na Fundi akaja jikoni na brashi ya meno mdomoni kumweleza mkewe kwamba leo amezidisha kitunguu. Mke alimwambia akapige mswaki wake, kisha akageukia jiko ili asionekane anavyotabasamu. Kwenye karakana wateja walizoea kumkuta Fundi amekaa kwenye lundo la maranda, ananusa kipande cha msonobari na macho amefumba, na walimsubiri amalize.

Macho ya mama mkwe yalipona yote. Alikuwa huru kurudi kwake, na hakurudi mwezi huo, wala uliofuata. Alisema anasubiri daktari amthibitishe. Daktari alipomthibitisha, mama akasema anasubiri mvua zipungue.

Jumamosi moja jirani wa nyumba ya pili, mama mmoja muuguzi aliyekuwa ametoka kazini amechoka, alisikia ugomvi barazani kwa Fundi. Sauti ya mkwe imepanda, sauti ya mama mkwe imepanda zaidi. Jirani aliogopa. Mtu kumgombeza mama mkwe wake mchana kweupe! Akaweka mkoba chini, akavuka haraka kwenda kuwasuluhisha, akamkuta mke wa Fundi amekaa kwenye ngazi anapinda pindo la sketi ya shule wala hana habari.

"Kuna nini jamani?" jirani akauliza, akihema.

"Mama anasema zabibu," Fundi akalalamika, ameshika glasi. "Dada yangu, hii ni tende! Tende tupu!"

"Juzi juzi hakuwa anajua chai na wiski, leo ananifundisha tende," mama mkwe akasema. "Hebu mpeni na yeye anuse, atuamue."

Jirani akapewa glasi. Aliitazama, akawatazama wote watatu wanavyomsubiri kama watu wanaongoja matokeo ya uchaguzi, akainusa kwa makini sana.

"Mimi," akasema, "nasikia sabuni ya mche."

Mkwe na mama mkwe wakatazamana, wakatia pua zao ndani ya glasi kwa pamoja, wakanusa.

"Jamani," mama mkwe akasema taratibu, "ipo."

"Ipo kabisa," Fundi akasema. "Dada, vuta kiti."